Dawa za mifupa dhaifu: nani zinamfaa, na hatari zake zina uzito gani

Mama wa miaka 68 anateleza uani asubuhi, anajizuia kwa kiganja, mkono unavunjika juu kidogo ya kifundo. Nyumbani husemwa ni bahati mbaya. Lakini mtu aliyekuwa amesimama tu, akaanguka kwenye udongo, kwa kawaida hatarajiwi kuvunjika mfupa. Akivunjika, hasa kama amepita miaka 50, mfupa wenyewe unatoa taarifa kwamba umepungua nguvu. Ugonjwa huo madaktari wanauita osteoporosisi. Sisi hapa tutauita mifupa dhaifu.

Maswali tunayoletewa studio kuhusu jambo hili ni ya namna mbili. Wapo walioandikiwa dawa hospitalini wakaogopa kuzimeza, kwa sababu ya sauti zinazosambazwa WhatsApp kwamba zinaozesha taya. Na wapo ambao magoti yanawauma, wanataka kujua duka gani linauza “dawa ya mifupa” ili wanunue wenyewe. Hawa wa kwanza mara nyingi wanaacha dawa wanayoihitaji. Hawa wa pili wanatafuta dawa isiyo yao. Sisi ni watangazaji, si madaktari, na uamuzi ni wako na daktari wako. Tunachoweza ni kukueleza faida ni kiasi gani, hatari ni kiasi gani, na maswali ya kuuliza kabla hujalipa.

Mafundi wawili ndani ya mfupa

Walioitembelea tembe ya Kwihara, pale Livingstone alipokaa mwaka 1872, wanajua kwamba nyumba ya udongo haidumu bila ukarabati. Fundi anabomoa udongo uliochoka, mwingine anakandika mpya. Mfupa nao uko hivyo. Ndani yake zipo chembe hai zinazobomoa sehemu kuukuu na nyingine zinazojenga upya, mwaka mzima, bila sisi kuhisi lolote.

Utotoni na ujanani fundi wa kujenga yuko mbele. Kuanzia miaka ya 30 hivi wanakwenda sambamba, kisha wa kubomoa anaanza kumpita mwenzake taratibu. Mwanamke akikoma hedhi, homoni ya estrojeni inashuka, na fundi wa kubomoa anaongeza kasi. Ndiyo maana ugonjwa huu huwapata zaidi akina mama, ingawa wazee wa kiume nao haukuwaacha. Hauumi. Unakaa kimya miaka mingi mpaka kitu kivunjike: kifundo cha mkono, nyonga, au pingili za uti wa mgongo ambazo hubonyea zenyewe, mtu akapungua urefu na mgongo ukapinda.

Kuna mashine ya mionzi hafifu inayopima wingi wa madini kwenye mfupa. Majibu yake huja kama namba, na tangu mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka: kasoro 2.5 au chini zaidi ya hapo ni osteoporosisi. Mashine hiyo hutaikuta zahanati wala kituo cha afya. Eksirei ya kawaida haiwezi kuchukua nafasi yake, kwa sababu huonyesha upungufu pale tu mfupa unapokuwa umeshapoteza takriban theluthi ya madini yake. Hata hivyo, mtu aliyevunjika nyonga au pingili kwa mwanguko mdogo hana haja ya kusubiri mashine. Mvunjiko wenyewe unatosha kwa daktari kusema mifupa ni dhaifu, mradi ameondoa magonjwa mengine.

Hayo magonjwa mengine si jambo dogo kwetu. Mgongo unaouma na kupinda unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kwa wafugaji na wanywaji wa maziwa yasiyochemshwa unaweza kuwa ugonjwa wa brusela. Kwa mzee unaweza kuwa saratani iliyofika kwenye mfupa, mara nyingi ikitokea kwenye tezi dume au titi. Mgonjwa mwenye homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, au miguu inayokufa ganzi, asikubali kupewa dawa ya mifupa dhaifu kabla ya kupigwa picha na kuchunguzwa damu na makohozi. Miguu ikianza kulegea au haja kutoka bila kujizuia, hilo ni la kwenda hospitali siku hiyo hiyo, iwe Kitete, Nkinga au iliyo karibu zaidi.

Na magoti? Magoti yanayouma ukipanda ngazi au ukiinuka ni kusagika kwa maungio. Ni ugonjwa mwingine kabisa, na dawa tunazozizungumzia hapa hazina la kuufanyia.

“Inapunguza kwa nusu.” Nusu ya nini?

Kundi la dawa linalotumika zaidi duniani kwa mifupa dhaifu ni bisfosfoneti. Ndani yake ipo alendroneti, kidonge cha miligramu 70 kinachomezwa mara moja kwa wiki, na ipo asidi ya zoledroniki, ambayo ni dripu ya miligramu 5 mara moja kwa mwaka. Zote zinafanya kazi kwa kumpunguza kasi fundi wa kubomoa. Hazileti udongo mpya, ila zinazuia ukuta usiliwe haraka.

Jaribio moja lililotoa picha nzuri ya alendroneti lilifanyika Marekani na matokeo yake yakatangazwa mwaka 1996. Walishiriki wanawake 2,027 wa miaka 55 hadi 81, wote wakiwa na mifupa dhaifu na tayari wana pingili iliyobonyea. Takriban nusu walipewa dawa, wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa, na hakuna aliyejua anameza kipi. Baada ya miaka 3 hivi, katika kila wanawake 100 waliomeza vidonge vitupu, 15 walikuwa wamevunjika pingili mpya. Waliomeza dawa walikuwa 8. Kwa nyonga, ilikuwa 2 kati ya 100 upande wa vidonge vitupu na 1 upande wa dawa.

Tuseme hivyo hivyo kwa namna nyingine. Wakusanye akina mama 100 wa aina hiyo uwanjani, wote wanameza dawa kwa miaka 3. Wapo 85 ambao wasingevunjika pingili hata bila dawa. Wapo 8 watakaovunjika ingawa wamemeza. Waliookolewa na dawa ni 7. Anayesema dawa inapunguza mivunjiko kwa nusu hakudanganya, na anayesema wengi hawapati faida waziwazi hakudanganya pia. Tatizo ni kwamba hakuna anayejua mapema kama wewe ni mmoja wa wale 7.

Sasa linganisha na kundi jingine la jaribio hilo hilo, matokeo yaliyotoka mwaka 1998. Hapa walikuwa wanawake 4,432 wenye mifupa iliyopungua lakini ambao hawajavunjika pingili. Wale ambao namba yao ilikuwa imeshuka chini ya kasoro 2.5 walipata nafuu. Wale ambao walikuwa hawajafika hapo, dawa haikuonekana kuwapunguzia mivunjiko. Kidonge ni kile kile. Kinachobadilika ni hatari ambayo mtu anaanza nayo, na hilo ndilo tungependa kila msikilizaji alishike: kadiri uwezekano wako wa kuvunjika ulivyo mkubwa, ndivyo dawa inavyokuwa na kitu cha kukuokoa.

Wengi wa walioshiriki majaribio hayo walikuwa wanawake wenye asili ya Ulaya. Afrika kusini mwa Sahara, tafiti zilizopo zimeonyesha mivunjiko ya nyonga michache zaidi kwa idadi ya watu kuliko Ulaya ya Kaskazini. Kwa hiyo mama wa Sikonge wa miaka 60 ambaye hajawahi kuvunjika na hana kinachomdhoofisha mifupa, hana sababu ya kuingia kwenye dawa hizi kwa hofu tu. Lakini yule aliyekwisha kuvunjika kwa kuteleza uani, takwimu za watu wengine hazimsaidii tena. Mfupa wake umeshajibu.

Kwa aliyevunjika nyonga jambo ni zito zaidi. Nyonga ndiyo inayomlaza mzee kitandani, ikaleta vidonda vya mgongo, nimonia na damu kuganda miguuni. Jaribio lililotangazwa mwaka 2007 liliwapa dripu ya zoledroniki watu waliofanyiwa upasuaji wa nyonga ndani ya siku 90 zilizotangulia, wakafuatiliwa kwa takriban miaka 2. Waliopewa dripu tupu walikufa 13.3 kati ya kila 100, waliopewa dawa 9.6. Basi mzee wenu akifanyiwa upasuaji wa nyonga, swali la dawa ya mifupa liulizwe kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani. Mara nyingi familia inashukuru kwamba kipandikizi kimewekwa, inaondoka, na mfupa wa upande wa pili unabaki kama ulivyokuwa.

Madhara: yapi ni ya kawaida, yapi ni adimu

Mtu akikuambia dawa ina madhara, mwulize mambo matatu: kwa nani, kwa wangapi, na baada ya muda gani.

Madhara ya kawaida ya vidonge yako kwenye umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kidonge cha alendroneti kikikwama hapo kinachoma, kinaweza kuacha kidonda. Ndiyo maana kumeza kwake kuna masharti kuliko dawa nyingi. Unaamka, hujala kitu. Unameza kidonge kizima, bila kutafuna, kwa glasi iliyojaa ya maji matupu. Maji tu, si chai, si maziwa, si uji, kwa sababu vyote hivyo vinazuia dawa isiingie mwilini. Kisha nusu saa nzima unakaa wima au unasimama, hulali, huinami kupalilia, huli. Baada ya hapo uji ruksa. Anayefunga Ramadhani anaweza kuamka nusu saa kabla ya daku, au azungumze na daktari kuhusu dripu. Chagua siku moja ya wiki usiyoisahau, iwe Ijumaa, Jumapili au siku ya gulio.

Mzee asiyeweza kukaa wima nusu saa, au ambaye chakula humkwama kooni, asipewe kidonge hiki. Hapo dripu ni njia bora.

Figo ndizo zinazoondoa dawa hizi mwilini. Kipimo cha damu cha kreatinini kifanyike kabla ya kuanza, na figo zikiwa zimechoka sana dawa hizi hazitolewi. Tunalisisitiza hili kwa sababu wazee wengi wa vijijini wamemeza diklofenaki kwa miaka, na diklofenaki ikizidi haizihurumii figo. Mwenye kisukari au shinikizo la damu la muda mrefu aseme mapema. Vilevile kalsiamu ya damu ikiwa chini inapaswa kurekebishwa kwanza.

Dripu nayo ina lake. Takriban mtu 1 kati ya 3 hupata homa, kichwa na maumivu ya mwili katika siku 3 za mwanzo baada ya dozi ya kwanza. Dozi ya pili huwa nafuu. Mkoa wetu ni miongoni mwa yenye malaria nyingi zaidi nchini, kwa hiyo ni rahisi mtu akadhani ni malaria akanywa dawa ya mseto bila kupima, au akadhani ni dripu kumbe malaria imempata kweli. Pima. Parasetamoli inatuliza homa ya dripu, na homa inayozidi siku 3 haipaswi kusingiziwa dripu.

Sasa taya. Habari hizi si uzushi mtupu. Madaktari walianza kuziandika mwaka 2003: mfupa wa taya unakufa na kubaki wazi mdomoni, hasa baada ya kung'oa jino. Lakini wengi wa wagonjwa wale walikuwa na saratani, wakipewa miligramu 4 za zoledroniki kila baada ya wiki 3 au 4. Ukijumlisha mwaka, ni takriban mara 10 ya kile anachopewa mwenye mifupa dhaifu. Kwa dozi za mifupa dhaifu, makadirio ni kati ya mtu 1 kwa kila 10,000 na mtu 1 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Sauti ya WhatsApp haikuambii hivyo. Na ipo namna ya kujikinga: meno mabovu yang'olewe na vidonda vya fizi vitibiwe kabla ya kuanza dawa, kisha umwambie daktari wa meno kila unapokwenda kwamba unatumia dawa hii.

Hatari nyingine adimu ni mvunjiko wa mfupa wa paja unaotokea katikati ya mfupa, wakati mwingine bila kuanguka. Chanzo chake kinaeleweka ukikumbuka wale mafundi wawili. Fundi wa kubomoa akizuiwa miaka mingi mno, nyufa ndogo za kila siku hazipati kuondolewa na kukandikwa upya. Utafiti mkubwa wa California, uliotangazwa mwaka 2020, uliwafuatilia wanawake zaidi ya 196,000 waliotumia bisfosfoneti. Kwa wanawake Wazungu, ilikadiriwa kwamba katika kila 10,000 waliotumia kwa miaka 3, mivunjiko 149 ya nyonga ilizuiwa na mivunjiko 2 ya paja ya aina hii ilisababishwa. Kwa wenye asili ya Asia ilikuwa 91 kwa 8. Hatari hiyo huongezeka kadiri miaka ya kutumia dawa inavyozidi, na hushuka upesi mtu akiacha. Dalili yake ni maumivu butu ya paja au kinena yanayokuja wiki kadhaa kabla. Ukiyasikia nawe unatumia dawa hizi, usichue wala usiendelee kumeza. Nenda ukapigwe picha ya mapaja yote mawili.

Kwa sababu hiyo dawa hizi si za kumeza maisha yote bila kuulizwa. Baada ya miaka 5 ya vidonge, au miaka 3 ya dripu, daktari anapaswa kupima upya. Bisfosfoneti hubaki ndani ya mfupa kwa miaka, hivyo kupumzika hakupotezi faida kwa ghafla. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2006, wanawake walioacha alendroneti baada ya miaka 5 hawakuvunjika nyonga, mikono wala miguu kuliko walioendelea hadi miaka 10. Tofauti ilikuwa kwenye pingili zilizovunjika na kuuma: 5.3 kati ya 100 kwa walioacha, 2.4 kwa walioendelea. Aliye na hatari kubwa huendelea, mwingine hupumzika.

Sindano ambayo haivumilii barabara mbovu

Ipo dawa nyingine, denosumabu, sindano ya chini ya ngozi kila baada ya miezi 6. Inafanya kazi vizuri, haina shida ya umio, na hata mwenye figo zilizochoka anaweza kupewa kwa uangalizi wa kalsiamu yake. Ukiisikia sifa zake utaitaka hiyo.

Lakini tabia yake ni kinyume cha bisfosfoneti. Haibaki kwenye mfupa. Dozi ikipita muda wake, fundi wa kubomoa aliyekuwa amefungwa anaachiwa na hasira zote, na baadhi ya wagonjwa wamevunjika pingili kadhaa kwa mkupuo miezi michache tu baada ya dozi waliyoikosa. Haitakiwi kucheleweshwa zaidi ya mwezi 1, na siku ya kuiacha lazima dawa nyingine ichukue nafasi yake. Tena inahifadhiwa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8.

Fikiria mtu wa kijiji cha ndani Kaliua, masika, barabara imekatika, umeme umekwenda, na sindano iko Mwanza au Dar es Salaam. Kwa maoni yetu, asiye na uhakika wa kuipata kila miezi 6 kwa miaka kadhaa asianzishwe, hata kama dozi ya kwanza amepewa zawadi na mtoto wake aliye mjini. Dripu ya mara moja kwa mwaka inavumilia maisha ya vijijini kuliko hiyo. Ukichelewa mwezi au miwili, mfupa bado una akiba.

Kuna pia teriparataidi, sindano ya kila siku inayomsukuma fundi wa kujenga, ghali mno na ya wagonjwa wachache. Na zipo homoni za akina mama waliokoma hedhi, ambazo hupunguza mivunjiko lakini, kama utafiti mkubwa wa Marekani ulivyoonyesha mwaka 2002, zile za mchanganyiko wa estrojeni na projestini huongeza saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda. Hazitolewi kwa ajili ya mifupa peke yake.

Kuhusu gharama, uliza bei ya miaka, si ya boksi la kwanza. Uliza pia kama bima yako inailipia, na kama mgonjwa ana miaka 60 na zaidi na hana uwezo, aanzie dirisha la wazee.

Dawa zinazokula mifupa

Kabla ya kuongeza dawa, tazama zile ambazo mtu tayari anameza. Inayoongoza ni jamii ya steroidi: prednisoloni na deksamethasoni. Kwa pumu kali na magonjwa mengine zinaokoa maisha. Shida ni zinapouzwa kiholela kwa maumivu ya maungio, au kwa wanaotaka kunenepa mashavu na makalio. Huondoa maumivu kwa siku chache na mtu anaona amepona, huku mfupa ukipungua kwa kasi katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo. Unga au vidonge visivyo na jina, vinavyomaliza maumivu yote kwa usiku mmoja, vishuku. Aliyekwisha kuvitumia kwa wiki nyingi asiache kwa ghafla, maana mwili unakuwa umesahau kutengeneza homoni yake mwenyewe na mtu anaweza kuzimia au kufa. Apunguziwe na daktari.

Tenofoviri, iliyo ndani ya kidonge cha ARV kinachotumika sana nchini, hupunguza wingi wa mfupa kwa asilimia chache katika mwaka 1 au 2 wa mwanzo, kisha hutulia. Hapa mizani haina utata: ARV isiachwe hata siku moja kwa sababu ya mifupa. Mwenye umri mkubwa anayetumia ARV na amevunjika mfupa aseme kliniki, dawa mbadala zipo.

Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3 nayo hupunguza mfupa wakati wa matumizi, na mfupa hurudi baada ya kuacha. Kwa mwanamke wa miaka 18 hadi 45 Shirika la Afya Duniani halikuiwekea kikomo. Dawa za kifafa kama fenitoini na fenobabitali zinahitaji uangalizi, si kuachwa. Sigara zina lao pia, na katika mkoa unaolima tumbaku hatuna haja ya kuwaeleza watu inapatikana wapi.

Mzigo, dagaa na giza

Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kutoka hapa hadi pwani, miezi kadhaa kwa miguu. Mfupa unaotumika hujengeka, na kazi za shamba ni mojawapo ya sababu ya mifupa yetu kuwa migumu. Lakini kazi ile ile humgeuka mtu ambaye pingili zake zimeshadhoofika. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya shingo. Aliyevunjika pingili asiibebe tena, wala asinyanyue gunia kwa kuinama. Atembee, apalilie kwa kiasi, abebe nusu ndoo kwa mkono au aachie wajukuu.

Jua si tatizo kubwa kwa anayeshinda nje. Utafiti uliotangazwa mwaka 2012 uliwapima Wamasai na Wahadzabe hapa Tanzania, ukawakuta na wastani wa vitamini D wa nanomoli 115 kwa lita, kiwango ambacho wengi Ulaya hawakifikii. Tatizo ni mzee anayekaa ndani siku nzima. Mtoeni nje. Kwa kalsiamu, dagaa wanaoliwa wazima pamoja na miiba yao ni chanzo kizuri, na kikombe cha maziwa cha robo lita kina takriban miligramu 300 kati ya 1,000 hadi 1,200 anazohitaji mtu mzima kwa siku. Mchicha una kalsiamu, lakini nyingi haiingii mwilini. Vidonge vya kalsiamu ni msaidizi wa dawa kwa asiyekula vizuri. Peke yake havimkingi aliyekwisha kuvunjika.

Na mfupa dhaifu hauvunjiki mpaka kitu kiuguse. Mzee anayeamka usiku mara 3 kwenda choo cha nje bila taa ana hatari ambayo hakuna kidonge kinachoiondoa. Tochi ya sola kando ya kitanda, mkongojo, ndoo ya usiku ndani, mtoto wa jicho kufanyiwa upasuaji, na kumwuliza daktari kama dawa ya presha au ya usingizi ndiyo inayomtia kizunguzungu: haya yafanyike leo, iwe dawa ya mifupa imepatikana au haijapatikana. Akianguka na mguu ukaonekana mfupi na umegeukia nje, asichuliwe wala asikandwe kwa maji ya moto. Alazwe kwenye ubao au mlango, apelekwe hospitali.

Siku ya kliniki beba dawa zote unazotumia ndani ya mfuko mmoja, pamoja na zile za dukani na za mitishamba, na cheti cha mvunjiko wa zamani kama unacho. Ukipata madhara baada ya kuanza dawa, mwambie mtoa huduma ajaze taarifa kwenda TMDA. Ni haki yako, na haina malipo.